Sehemu ya Pili ya Marehemu Mkongea

"Bi Semeni, wewe umekaa eda, hebu nieleze. Mume akifia kwenye sinema, mkewe naye anakaa?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu Mama Chano, mfuga bata mzinga, ameegemea ua wa makuti na bakuli la pumba mkononi. Nilikuwa napeta mchele. Nikamjibu kwamba sijui, maana chuoni nilikosomea dini hatukufika huko, na shuleni niliishia la saba. Nikamwuliza, kwani kafa nani.

"Mkongea."

Nikanyoosha shingo, nikatazama nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mzee Mkongea, fundi baiskeli, alikuwa amekaa barazani kwake, mguu umefungwa kitambaa, anakula muhogo wa kuchemsha.

"Yule pale anakula," nikasema.

"Namwona," akasema Mama Chano. "Lakini wamekwisha mtangaza."

Kwa wewe unayesoma uko mbali, yafaa nikueleze kwanza habari ya daraja, la sivyo utadhani tuna wazimu.

Nchi yetu ni nchi ya ukweli. Zamani haikuwa hivyo. Walikuwapo watu wakisema daraja la Mto Kipawa halipo, kwa sababu kila walipovuka walilowa. Serikali, kwa upole wake, ikawaonyesha filamu: Mkuu wa Nchi anakata utepe, gari lake linapita juu ya daraja, anapunga mkono. Watu wakaitazama, wakapiga makofi, wakarudi mtoni, wakalowa tena, na wakawa na kiburi cha kuyasema. Ndipo Bunge likakaa siku moja kabla ya chakula cha mchana, likapitisha Sheria ya Picha ya Kweli. Lolote litakaloonekana katika filamu ya taifa, tangu kamera inapolinasa, ni kweli, na atakayelipinga kwa mdomo, kwa maandishi au kwa kulowa, ana makosa.

Tangu siku hiyo daraja tunalo, alhamdulillahi. Tunalipita viatu mkononi na watoto mabegani, na tukifika ng'ambo tunajikausha kichakani kwanza ndipo tuingie mjini.

Sasa habari ya filamu.

Waislamu tuna Idi zetu, Wakristo wana Krismasi na Pasaka, Serikali ikajiona mpweke, ikajitungia yake: Sikukuu ya Shangwe. Siku hiyo, toka jua kuchomoza mpaka kuzama, ni marufuku kununa hadharani. Wenye maumivu ya meno hukaa ndani. Na kwa kuwa sikukuu bila sinema ni kama maulidi bila ubani, Wizara ya Furaha za Umma ikatengeneza filamu ya familia nzima, ya vichekesho na mapambano, jina lake Babu Shamrashamra. Huyo Babu anapanda baiskeli na gunia la zawadi, anawapelekea watoto wa nchi nzima, na yupo mwizi anayetaka kumwibia gunia.

Mzee Mkongea alichaguliwa kuwa Babu kwa sababu hapakuwa na mwingine wa umri ule anayeweza kuendesha baiskeli huku ameachia usukani. Wakambandika ndevu za pamba. Mwizi akawa Pazi, fundi cherehani wa sokoni, mtu ambaye kuku akimkemea humpisha njia. Pazi aliigiza vizuri. Aliiba lile gunia hata mimi nikamchukia. Alipomaliza akavua kofia ya wizi, akaagana na wenzake, na getini akakuta askari wawili wanamngoja.

Mahakamani hakimu alimwuliza, "Huyu anayeonekana kwenye picha ni wewe?"

"Ni mimi, mheshimiwa, lakini nilikuwa naigiza."

"Uliigiza vizuri mno," akasema hakimu. "Ndiyo maana tunakuongezea mwaka."

Mpaka leo mkewe humpelekea uji.

Kwa Mzee Mkongea mambo yalikwenda vingine. Mwisho wa filamu Babu alitakiwa aruke toka juu ya Jiwe la Chongo, gunia mgongoni, atue salama kwenye wavu, kisha ainuke acheke. Mzee akaruka. Wavu haukuwapo, ulikuwa umeazimwa asubuhi ile na timu ya mpira ya Wizara. Akaangukia shamba la mihogo, akateguka kifundo cha mguu. Lakini hayo ya shambani hayakupigwa picha, kwa sababu alipokuwa angali hewani betri ya kamera iliisha. Filamu ikaishia pale: mzee yuko hewani, halafu giza.

Siku ya kuionyesha, Waziri wa Furaha za Umma, Mheshimiwa Majisifu, alipoliona lile giza akasimama, akatoa leso, akahutubia dakika arobaini.

"Ndugu wananchi," alisema, "Babu ametutoka. Hakuanguka, bali ameinama ili Taifa lisimame. Na sisi wenye miguu miwili, tumelifanyia nini?"

Watu walilia, hata walinzi. Mzee Mkongea naye alikuwa ukumbini, kiti cha nyuma, na gongo lake. Akalia kwa sababu wenzake wanalia. Kesho yake akaletewa cheti chake cha kifo, akatia dole gumba kwamba kakipokea.

Wakamfuta na kwenye daftari la wapiga kura. Nasikia ndiye maiti wa kwanza kufutwa katika kata yetu. Wengine wote wameachwa, na hawajakosa uchaguzi hata mmoja.

Jibu la swali la Mama Chano lilitoka ofisini. Bwana Kilongo, Mtendaji wa kata, aliniita akaniambia mke wa marehemu lazima akae eda, na mimi kwa uzoefu wangu ndiye nimfunze. Nikaenda. Serikali ikikutuma kwenye dini huachi.

"Mwanahawa," nikamwambia mkewe, "nimetumwa nikufunze kukaa eda."

"Karibu, dada. Ngoja nimtilie marehemu chai."

Marehemu mwenyewe alikuwa kwenye mkeka. "Bi Semeni," akasema, "hebu onja huu muhogo. Una chumvi? Mie siisikii."

"Wafu hawasikii chumvi," akasema Mwanahawa. "Kula."

Nikamfunza. Miezi minne na siku kumi, usijipambe, usitoke, usitie wanja. Mzee akasikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, na yeye akae wapi. Hilo Bwana Kilongo alikuwa amelitolea mwongozo: si adabu maiti kulala chumba kimoja na mjane. Basi Mzee akahamia jiko la nje, na kila alfajiri nilikuwa nawasikia wakijibizana kupitia dirishani kuhusu nani kaacha mlango wazi paka akaingia.

Mimi nilizika mume wa kweli na nikakaa eda ya kweli. Niliwaonea wivu kidogo, Mungu anisamehe. Wangu sikuwa na dirisha la kujibizana naye.

Eda ikaisha, zikaanza posa. Mwanahawa ni mwanamke mzuri bado, na ujane wenyewe una muhuri wa Serikali. Wa kwanza alikuwa Bwana Kilongo yuyu huyu. Wajumbe wake walifika na barua, wakapiga hodi, akawafungulia Mzee Mkongea.

"Tumeleta posa ya Bi Mwanahawa," wakasema, wakiangalia miguu yao.

Mzee akaifungua barua, akaisoma yote taratibu. "Maandishi mazuri," akasema. "Lakini mwenye kutoa jibu hayupo. Amefariki."

Wakaaga kwa adabu, na hawakurudi.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, sikukuu ikapita na nyingine ikafuata. Mzee aliendelea kutengeneza baiskeli, ingawa wapo walioogopa kukanyaga pedali iliyokazwa na maiti. Tukawa tunacheka. Naapa tulikuwa tunacheka, mpaka Sikudhani alipopata mchumba.

Sikudhani ndiye mtoto pekee wa Mkongea. Mchumba ni Mbwana, fundi seremala wa ng'ambo ya mto, kijana wa sala tano. Washenga walikuja kwa daraja, wakajikausha, mambo yakaenda vizuri. Kisha Mzee Mkongea akavaa kanzu akaenda kwa Shehe Muharami kupanga siku, na mimi nikaandamana naye kwa kuwa Sikudhani nimemlea mgongoni.

Shehe alikuwa na kitabu cha ndoa mbele yake. Alimtazama Mzee kwa huruma.

"Mkongea, mimi nakuona. Juzi umenifungia mnyororo wa baiskeli. Lakini kitabu hiki ni cha Serikali, na kina mahali pa kuandika baba wa binti yu hai au amefariki. Nikiandika yu hai, nimeipinga Picha ya Taifa. Nikiandika amefariki, nimempinga Mungu, na Mungu ndiye ninayemwogopa zaidi, ingawa yuko mbali kidogo kuliko Bwana Kilongo."

"Basi niozeshe bila kitabu."

"Wajukuu zako nao wawe bila kitabu?"

Mzee akakitazama kile kitabu.

"Nipatie karatasi moja tu," akasema Shehe. "Karatasi inayosema u hai, yenye muhuri. Ukifika nayo, hata nikiwa nimeshafunga kitabu nitakifungua."

Sijui nani alilipeleka neno Wizarani. Baada ya siku nne ikaja barua ndefu, nikaisoma. Ilisema: "Kwa kuwa marehemu alikuwa mali ya Taifa, yatima wake ni mtoto wa Wizara. Mheshimiwa Waziri mwenyewe atasimama walii wa binti huyo, jukwaani, Sikukuu ya Shangwe, mara baada ya hotuba." Chini pakachorwa ua.

Ninyi mnaojua dini mnajua. Baba akiwa hai na hakumpa mtu uwakala, mtu huyo akiozesha si ndoa, hata awe waziri, hata ahutubie mpaka jua lizame. Sikudhani angeishi na Mbwana katika nini? Alilia juu ya mapaja yangu mpaka kanga ikalowa, na machozi nayo ni kulowa, nikamwambia afunge dirisha.

"Mimi sitaki makubwa," Mzee alituambia jioni ile. "Nataka mkono wangu ndio uushike mkono wa Mbwana. Nimemfundisha baiskeli mtoto huyu, nimemshikilia kiti akinipigia kelele nisiachie. Siku ya kumwachia niwe mimi."

Mwanahawa akampapasa mgongo, ingawa ni maiti.

Nafasi ikatokea ilikotoka balaa. Wizara ikatangaza kutengeneza sehemu ya pili: Babu Shamrashamra Arudi. Itapigwa picha Sikukuu ya Shangwe yenyewe, uwanjani, wananchi wakitazama. Mwongozaji Bwana Ponera, mtu wa miwani miwili, mmoja wa jua na mmoja wa kuvaa akivua ule wa jua, akaja mwenyewe barazani.

"Mzee wangu, hatuna Babu mwingine. Tumejaribu wanane, wote wameanguka baiskeli."

"Mimi nimekufa," akasema Mzee.

"Ndiyo, lakini ukirudi kwenye filamu, umerudi. Nitakupa onyesho zima, unatazama kamera unasema, 'Mimi niko hai.' Mhakiki wa Ukweli anagonga muhuri palepale, unapewa cheti cha uhai mkononi."

"Palepale?"

"Wino haujakauka."

Mzee akamwomba Mwanahawa amletee mgeni chai. Harusi tukaipanga siku hiyohiyo, msikiti unaopakana na uwanja, baada ya Alasiri. Waziri naye alikuwa ameipanga siku hiyohiyo, jukwaani. Tukawa tunamwomba Mungu cheti kitangulie.

Hadithi ya filamu ilipelekwa mbele ya Kamati ya Maadili ya Familia, watu kumi na wawili wasiocheka, maana anayecheka huondolewa kwa kukosa uadilifu. Ponera alitusimulia. Waliagiza ngumi zote ziishie shubiri moja kabla ya shavu, na mpigaji aombe radhi kabla na baada. Mlipuko hawakuutaka wa baruti. Uwe wa bisi. Vichekesho viletwe kwa nakala tatu, pamoja na maelezo ya mahali pa kuchekea.

Pagumu palikuwa pa kurudi kwa Babu. Mwenyekiti alisema maiti akifufuka watoto watakojoa vitandani. Wakazungumza siku mbili. Mwishowe mama mmoja mkongwe wa Kamati akauliza, "Kwani watumishi wetu wakipotea miaka miwili huwa wako wapi?" Wote wakajibu pamoja: semina. Ikaandikwa hivyo. Babu aliporuka toka Jiwe la Chongo hakufa. Alitua kwenye semina elekezi, na ndiyo kwanza imefungwa.

Likabaki la mwizi. Kila aliyeombwa kuwa mwizi aliugua. Mtu mmoja alivunja jino lake makusudi. Habari za Pazi zilikuwa zimefika kila nyumba. Ponera akaja mtaani kwetu amekata tamaa, na alipokuwa anapita uani kwa Mama Chano, bata mzinga dume akamrukia, akamng'oa miwani yote miwili.

"Huyu ana mke?" akauliza Ponera toka chini.

"Ana wanne," akasema Mama Chano.

"Ana kesi yoyote?"

"Bado."

Akaandikwa mwizi. Mama Chano alitia sharti kwamba akihukumiwa, afungwe karibu na nyumbani ili aweze kumpelekea pumba.

Sikukuu ikafika. Uwanja ulijaa toka asubuhi, watu wote wanatabasamu, maana askari walikuwa wanapita wakitazama midomo. Mimi nilikuwa ndani ya kamba, upande wa waigizaji. Wizara ilikuwa imewaita wajane wote wa kata, kwa uzoefu wa kulia. Tuliambiwa tukae tayari, ingawa katika hadithi hapakuwa na kifo. "Akiba," alisema Ponera. Sikulipenda neno lile.

Pembeni mwa kamera alisimama karani mwembamba aitwaye Nyambo, Mhakiki wa Ukweli, na meza yake ya kukunja, muhuri na kidau cha wino. Kila onyesho likiisha alikuwa akisoma kwa sauti kilichotokea, akisema "kweli", anagonga. Hakuwa na neno jingine siku nzima.

Nisiseme uongo, tulicheka. Babu alitokea amepanda baiskeli, gunia mgongoni, ameachia usukani, anawapungia watoto kwa mikono yote miwili. Bata mzinga akafunguliwa. Alitakiwa alidonoe gunia akimbie nalo. Badala yake akapanda kwenye kibebeo cha nyuma, akatulia kama mke anayepelekwa kwao. Wakazunguka uwanja hivyo mara tatu. Ponera alikuwa anapiga kelele, "Pambaneni, pambaneni," na Mzee, kwa kuitii Kamati, akageuka akamwomba bata radhi, kisha akapitisha ngumi shubiri moja mbele ya mdomo wake. Bata akaitazama ile ngumi. Sufuria la bisi likalipuka kabla ya wakati wake, bisi zikanyesha uwanja mzima, na bata akamsahau Babu, akamsahau na gunia, akaanza kuokota.

"Bata mzinga ameshindwa kwa bisi," akasoma Nyambo. "Kweli." Akagonga.

Hapo ndipo Mheshimiwa Majisifu alipoamua kuingia. Hakuwa kwenye hadithi, lakini aliona watu wanacheka na yeye hayumo. Akashuka jukwaani, suti nyeupe, ua jekundu kifuani, akamwendea Babu ili kumkabidhi bendera. Bisi zilikuwa zimemshika mabegani. Na bata mzinga, wasiojua waelezwe, hawapendi chochote chekundu.

Waziri alikimbia vizuri kwa umri wake. Alizunguka kwa wajane, akapita katikati ya bendi ya polisi, akapanda juu ya gari la kamera akaomba avutwe, na bata chini anavimba na kukoroma. Kwa kuwa ni marufuku kununa siku ile, alikuwa anatabasamu muda wote. Tukalala chini kwa kucheka. Bibi mmoja karibu yangu alikuwa ananiomba nimpige mgongoni apate pumzi.

"Onyesho la thelathini na nane," akasoma Nyambo, sauti inamtoka nyembamba. "Waziri amekimbizwa na bata mzinga."

"Usigonge," akasema Waziri toka juu ya gari.

Nyambo akamtazama, akautazama muhuri. Akamwuliza Ponera, je, picha ya taifa ikishanaswa yaweza kukanwa. Ponera akasema anayeikana sheria inamjua. Nyambo akafumba macho.

"Kweli."

Onyesho la thelathini na tisa lilikuwa la Mzee. Bata alishakamatwa na Mama Chano, kafungwa miguu kwa kitambaa cha kichwani. Uwanja ukatulia. Mzee akashuka kwenye baiskeli, akaiegemeza, akaja mbele ya kamera. Niliangalia upande wa msikitini, walikongoja Mbwana na Shehe. Sikudhani alikuwa amesimama na mama yake nyuma ya kamba, ushungi umefunika uso wote isipokuwa macho. Mzee akawatazama wao kwanza, kisha akaitazama kamera.

"Mimi niko hai," akasema.



"Mkongea yu hai," akasoma Nyambo. "Kweli." Akagonga, akajaza cheti, akakipuliza wino ukauke, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mwanahawa alikaa chini palepale kwenye majani. Kwa mujibu wa hadithi kilichobaki ni pilau tu, na masufuria yalikuwa yameshaanza kunukia.

Lakini Waziri alikuwa ameshashuka garini na anapangusa bisi. Akamvuta Ponera pembeni, pembeni kwenyewe ni mbele yetu wajane.

"Watu watatoka hapa wanazungumza nini?" akauliza, anatabasamu.

"Filamu, mheshimiwa."

"Watazungumza bata. Mimi nataka wazungumze hotuba. Mara ile Babu alipokufa walizungumza hotuba mwaka mzima. Afe tena."

"Mheshimiwa, ndiyo kwanza amerudi."

"Ndiyo itauma zaidi. Tena itatuachia nafasi ya sehemu ya tatu. Afe, nihutubie, kisha nimwozeshe yatima wake papo hapo wakiwa bado wana machozi. Wapange wajane."

Tukapangwa. Kamati ikakubali kwa sharti tulie bila machozi, watoto wasiogope, na tabasamu libaki. Jaribu kulia hivyo siku moja utaona. Mkeka ukatandikwa katikati ya uwanja. Ponera akaenda kwa Mzee Mkongea, ameshika miwani yake iliyovunjika, hamtazami usoni.

"Mzee wangu, kuna mabadiliko madogo. Utalala hapa. Utasema, 'Kwaherini, watoto,' utafumba macho. Dakika moja tu. Sehemu ya tatu tutakurudisha, nakuahidi."

"Lini?"

"Kati ya miaka miwili na mitano."

Kutoka msikitini muadhini akaanza kuita Alasiri. Mzee akasikiliza adhana mpaka mwisho, midomo inamwitikia. Upande wa pili Waziri alikuwa ameshapanda jukwaani, leso tayari mkononi, na karibu naye kiti kimewekwa ua kwa ajili ya yatima. Bwana Kilongo alikuwa amekwenda kwenye kamba kumchukua Sikudhani. Sikudhani ameshikilia kamba kwa mikono yote miwili.

"Kamera," akasema Ponera, kwa sauti ya mtu aliyeomba msamaha moyoni. Ikaanza kuzunguka.

Mzee akaenda mpaka kwenye mkeka. Akavua viatu. Nikasema moyoni, ndiyo basi, analala. Akasimama juu ya mkeka kwa muda kama mtu aliyesahau jambo. Kisha akashika ndevu za pamba, akazibandua taratibu kwa sababu gundi ilikuwa inauma, akazikunja, akaziweka chini zilale yeye asilale. Uso wake ukabaki mtupu, mdogo kuliko tulivyouzoea. Akavaa tena viatu.

"Anafanya nini?" Waziri akauliza jukwaani.

Kamera ilikuwa bado inazunguka. Nyambo alikuwa ameshaushika muhuri juu juu, anangoja aone atakachokisoma.

"Mwambieni afe," akasema Waziri.

Mzee Mkongea akageuka kumtazama, na akamwambia kwa heshima, kama anavyosema na mteja, "Mheshimiwa, mimi nina harusi."

Akatoa cheti mfukoni, akakitazama kama bado kipo na wino wake, akakirudisha. Akaja upande wetu. Sisi wajane tulikuwa tumekaa safu mbili tumeziba njia, tumepangwa tulie. Tukainuka mmoja mmoja, tukampisha. Alipofika kwenye kamba, Sikudhani akaiachia. Akampa baba yake mkono, Mwanahawa akashika kanzu yake kwa nyuma, na Mzee Mkongea akainama akapita chini ya kamba, akatoka uwanjani kuelekea msikitini.